Ninayemuenzi: Profesa Wronski na Paneli ya Babu

Mwenyekiti wa Chama chetu cha Kiswahili alipotangaza kwamba toleo la mwaka huu litakuwa na kurasa za "Ninayemuenzi", kila mwanachama alikimbilia shujaa anayemjua. Wengi wamechagua wanariadha, na siwalaumu, maana katika Bonde hili la Ufa ukirusha jiwe gizani litamwangukia mwanariadha. Wawili wamemchagua marehemu Profesa Wangari Maathai. Mimi nilipotaja jina la Christopher Wronski, kimya kilitanda, kisha sauti moja kutoka viti vya nyuma ikauliza, "Huyo naye anachezea timu gani?"

Hana timu. Alikuwa mwanafizikia, mzaliwa wa Poland, aliyesomea Imperial College kule London, akaenda kuishi na kufanya kazi Marekani, na akafariki mwaka 2017. Maisha yake yote aliyatumia kwenye semikondakta, yaani vile vitu ambavyo si vipitishi kamili vya umeme kama shaba, wala si vizuizi kamili kama mpira, na hasa semikondakta zilizopakwa kuwa utando mwembamba ajabu. Mhariri wetu aliniita kando akaniuliza kwa upole, mbona nisimtafute Mwafrika? Swali hilo ni zuri na nitalijibu mbele kidogo. Kwa sasa niseme tu kwamba kazi ya huyu bwana imekaa juu ya bati la babu yangu kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na kwamba ilileta nuru nyumbani kwetu, na ikaleta ugomvi pia.

Babu yangu (mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hivyo huniita wajina) aliinunua paneli ile mwaka 1996 kwa pesa za pareto. Wakati huo pareto ilikuwa ni kitu. Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo, na huku Molo, Elburgon na Turi mtu mwenye shamba jeupe la maua alihesabika kuwa mtu. Nguzo za umeme hazikuwa zimefika kwetu. Watu waliwasha koroboi, na mwenye uwezo zaidi akawasha karabai. Waliokuwa na televisheni, tena zile ndogo nyeusi na nyeupe, waliziendesha kwa betri ya gari, na betri ikiisha nguvu ilibebwa kwa baiskeli au kwa mkokoteni hadi mjini ikachajiwe, ikarudi kesho yake. Nyanya anasema betri hiyo ilimharibia babu suruali tatu kwa asidi.

Sasa hapo ndipo alipotokea fundi mmoja wa hapa hapa kijijini, rafiki ya babu tangu ujana, akamwambia kwamba kuna kioo kinachochaji betri juu ya paa, huna haja ya kuibeba tena. Kilikuwa kioo chembamba cha rangi ya kahawia iliyoiva, urefu wake kama meta moja, upana wake kama futi, na nyuma yake kibandiko kimeandikwa wati 14. Fundi akakipanda, akavuta nyaya, akafunga taa moja ya tyubu sebuleni. Jioni hiyo ya kwanza, nimeambiwa, nyumba ilijaa majirani mpaka kuku wakakosa pa kupita. Walitazama taarifa ya habari ya saa moja kwa Kiswahili, wakatazama Vitimbi, wakacheka, wakaenda zao.

Haikuwa nyumba yetu pekee. Biashara ya sola nchini Kenya ina historia yake, na inafaa tuijue. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani aitwaye Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walianza kufunga sola katika shule za upande wa Meru, ya kwanza ikiwa Karamugi, huku wakifunza vijana ufundi huo. Wakulima wa kahawa na walimu wakaona shule inawaka usiku, nao wakataka nyumba zao ziwake. Ilipofika miaka ya tisini, paneli zilikuwa zikiuzwa madukani kando ya redio na mabati, bila serikali kumsaidia mnunuzi hata senti. Na iliyopendwa sana na mtu wa kipato kidogo ilikuwa hii ya kahawia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ile ya buluu. Kwa nini ilikuwa rahisi? Hapo ndipo Wronski anapoingia.

Wale walio kidato cha nne wameshafika kwenye mada ya Elektroniki, kwa hivyo wanivumilie wanapoona naeleza yale wanayoyajua. Paneli ya buluu hutengenezwa kwa fuwele za silikoni. Silikoni inatokana na mchanga, lakini kuisafisha na kuikuza fuwele yake kunataka tanuri kali na pesa nyingi, kisha fuwele inakatwa vipande vyenye unene wa sehemu mbili au tatu za kumi za milimita. Ndani ya fuwele atomu zimejipanga kama sisi tulivyo gwarideni siku ya Ijumaa mwalimu wa zamu akiwa amekasirika. Kila atomu ya silikoni ina mikono minne, na kila mkono umeshika mkono wa jirani.

Paneli ya kahawia nayo imetengenezwa kwa silikoni ya amofasi, yaani isiyo na mpangilio. Atomu zake zimejaa kama viazi ndani ya gunia la lumbesa. Faida ni kwamba silikoni ya namna hiyo hufyonza nuru upesi mno, hivi kwamba utando usiofikia hata maikromita moja unatosha. Unywele wa binadamu ni mnene mara hamsini na zaidi ya huo. Malighafi inayotumika ni kidogo sana, tena haihitaji kukuzwa fuwele. Unachukua kioo, unakitia ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, unakipasha moto kama nyuzi 200 hadi 300 hivi, unaingiza gesi ya silani, ambayo ni silikoni na haidrojeni, kisha unapitisha umeme ndani ya gesi mpaka ing'ae kama taa ya tyubu. Gesi inapasuka, silikoni inatua juu ya kioo polepole kama umande unavyotua juu ya majani ya viazi. Ukiongeza boroni kidogo unapata tabaka la aina moja, ukiongeza fosforasi unapata la aina nyingine, na katikati unaacha tabaka safi ambamo nuru itafanya kazi. Ukishamaliza hapo una seli.

Lakini lumbesa ina hasara yake. Viazi vikijazwa ovyo hubaki na mianya, na atomu zikijazwa ovyo baadhi yake hubaki na mkono mtupu usioshika kitu. Mkono mtupu huo ni mwizi. Umeme ukipita karibu, unanaswa. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini silikoni ya amofasi haina maana yoyote kwa sababu hiyo. Kilichoiokoa ni ile haidrojeni ndani ya gesi ya silani. Haidrojeni ina mkono mmoja tu, kwa hivyo inakwenda kuushika ule uliobaki mtupu, na mwizi anakuwa amefungwa pingu. Waliolifungua jambo hili ni wengi. Chittick na wenzake waliianza njia hii ya kutumia silani katika maabara ya kampuni moja ya Uingereza miaka ya sitini. Walter Spear na Peter LeComber wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha mwaka 1975 kwamba utando huo unaweza kutiwa boroni na fosforasi ukatii. Na katika maabara ya RCA kule Princeton, Marekani, David Carlson alikuwa tayari anajaribu kutengeneza seli ya jua kwa njia hiyo. Wronski aliungana naye, na mwaka 1976 wakachapisha makala pamoja wakitangaza seli ya kwanza ya jua ya silikoni ya amofasi. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 2.4. Yaani katika kila wati mia moja za jua walipata mbili na ushei. Ni kidogo, ndiyo, lakini ilikuwa ni mlango umefunguka. Kufikia mwaka 1980 kampuni ya Sanyo ya Japani ilikuwa inaiuza ndani ya kikokotoo. Ukiwa na kikokotoo chenye kidirisha cheusi-kahawia juu ya vitufe, huenda umekalia dawati moja na Wronski bila kujua.

Kama hadithi ingekoma hapo, ningemchagua Carlson, kwa haki kabisa, maana yeye ndiye aliyeanza. Nimemchagua Wronski kwa sababu ya mwaka uliofuata.

Mwaka 1977 Wronski na mwenzake wa maabara hiyo hiyo, David Staebler, waliona jambo la kuwavunja moyo. Waliuchukua utando wao mzuri, wakaumulika kwa mwanga mkali kwa saa kadhaa, kisha wakaupima. Uwezo wake wa kupitisha umeme ulikuwa umeshuka, tena umeshuka sana. Wakaurudia. Ukashuka tena. Wakaupasha moto kupita nyuzi 150, ukarudi kama ulivyokuwa mwanzo. Wakaumulika, ukashuka. Maana yake ni kwamba kitu walichokitengeneza kiishi juani kilikuwa kinadhoofishwa na jua lenyewe. Fikiria umefuga kuku halafu ugundue kwamba mahindi yanamdhuru.

Hapo mtu ana njia mbili. RCA ilikuwa kampuni, na uvumbuzi ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, bado unatafutiwa soko. Wangeweza kulikalia. Badala yake waliliandika, wakalichapisha katika jarida la fizikia mwaka huo huo wa 1977, kwa vipimo na michoro, ili kila mshindani wao duniani asome. Tangu siku hiyo dosari hiyo inaitwa kwa majina yao: athari ya Staebler na Wronski. Wengine majina yao hupewa sayari, wengine barabara. Wao yao yamepewa ugonjwa wa mtoto wao wenyewe. Mficha maradhi, wenzangu, mnajua kinachomuumbua.

Sasa turudi Molo, mwaka 1996. Kwa miezi ya kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Kisha kama mwezi wa nne hivi televisheni ikaanza kuzimika kabla ya kipindi kumalizika. Picha inajikunja pande zote mbili, inakuwa kama utepe, pup, giza. Majirani wakaanza kutania. Babu akapanda juu akaifuta paneli kwa kitambaa, akaipangusa kwa sabuni, wapi. Akamwita fundi. Fundi akakaza nyaya, akaongeza maji ya betri, akasema itapona. Haikupona. Babu akasema paneli ile imebadilishwa, kwamba fundi alimletea nzima kisha siku moja babu akiwa shambani akaja akaweka nyingine. Fundi akasema hajawahi kumwibia mtu. Maneno yakazidi. Walikuwa wametahiriwa mwaka mmoja, wasomaji wa kwetu wanaelewa uzito wa jambo hilo, lakini baada ya hapo walipishana njiani kama wageni, na harusi ya shangazi yangu fundi hakualikwa.

Mwaka jana nilipoanza kusoma habari za Wronski katika kitabu alichoniazima mwalimu wetu wa Fizikia, nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Paneli ya wati 14, kwa saa nne na nusu za jua zuri, hutoa wati-saa 63. Ukitoa robo inayopotea kwenye betri na nyaya, zinabaki kama 47. Televisheni ile ilikula kama wati 15, kwa saa mbili ni 30. Taa ya tyubu wati 8, kwa saa mbili ni 16. Jumla 46. Ilikuwa inatosha, lakini kwa kubana kama viatu vya mtumba. Sasa, seli za amofasi kwa kawaida hupoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya nguvu zake katika miezi ya kwanza, kisha zinatulia. Tuseme paneli ya babu ilipoteza asilimia 25. Nguvu inayofika inakuwa wati-saa 35, na pengo ni wati-saa 11. Kwa televisheni ya wati 15, hizo ni dakika 44. Dakika 44! Nilimwonyesha nyanya karatasi hiyo akaniambia ndiyo, ilikuwa inazimika kabla ya saa kama hivyo kwisha. Na hapo sijahesabu mwezi wa Julai, ambapo huku kwetu ukungu huamka kabla yako na kulala baada yako.

Kwa hiyo fundi hakuiba. Paneli ilifanya kile kile ambacho Wronski aliandika mwaka 1977 kwamba itafanya. Kuna jambo jingine dogo linalonikera. Ugonjwa ule hupoa kidogo kwa joto. Paneli ikipata joto kali juu ya bati hujirudisha kiasi. Mtu wa Lodwar angekuwa na bahati kuliko mtu wa Molo. Kwa upande wa pili, silikoni ya amofasi huvumilia mawingu na nuru hafifu kuliko fuwele, kwa hivyo labda tulitoka sare.

Swali ni hili: je, kibandiko cha wati 14 kilihesabu hasara hiyo? Mtengenezaji mwaminifu huandika nguvu itakayobaki baada ya paneli kutulia, si ile ya siku ya kwanza. Mwaka 1999 watafiti Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walizipima paneli za amofasi zilizokuwa zinauzwa hapa Kenya, na baadaye wakachapisha matokeo. Chapa nyingine zilikuwa zinatoa karibu na ilivyoandikwa. Nyingine zilikuwa chini, mojawapo chini sana. Mnunuzi dukani hangeweza kuzitofautisha kwa macho, maana zote ni vioo vya kahawia. Kibandiko cha paneli ya babu kilikwisha kubanduka zamani, kwa hivyo hata ningetaka kulaumu mtu nisingejua wa kumlaumu.

Nitaupitia mwaka 2008 kwa haraka, kwa sababu wengi wetu tuna jamaa walioyaona yale na kila mtu ana namna yake ya kuyasimulia. Familia yetu iliondoka usiku, mwezi wa Januari. Babu alibeba hati ya shamba. Nyanya alibeba, mkitaka kuamini aminini, paneli, amefunga kwa blanketi kama mtoto. Alipoulizwa kwa nini, alisema ilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa karibu na mlango. Katika kambi ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru wakapata betri kuukuu, na paneli ile dhaifu ikachaji simu za watu kwa shilingi 20 kila moja. Simu haina makuu kama televisheni. Watu walipigia jamaa zao waliotawanyika Nyeri, Kisii na kwingine, kujua nani yu hai. Mama yangu alipata habari za kaka yake kwa simu iliyochajiwa hapo. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, wakati walikuwa wamekwisha kurudi.

Na Wronski je? Hakulikimbia tatizo lake. Alitoka RCA, akafanya kazi kwenye kampuni nyingine, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, na kwa miongo alirudi kwenye dosari ile ile. Mwaka 1984 yeye na Carlson walitunukiwa nishani ya Morris Liebmann na taasisi ya wahandisi wa umeme ya IEEE kwa ajili ya seli yao, lakini hakukaa juu ya nishani. Pamoja na Robert Collins na wanafunzi wao waligundua kwamba ukiichanganya silani na haidrojeni nyingi zaidi wakati wa kupaka, na kusimamisha kazi pale utando unapokaribia kuwa fuwele lakini haujawa, unapata silikoni inayolivumilia jua vizuri zaidi. Dosari haikwisha, ila ilipunguzwa. Maelezo kamili ya kwa nini nuru hulegeza mikono ile yamebishaniwa na wataalamu miaka yote hii. Napenda kumwaza mtu mzima, mwenye jina, akiamka kila asubuhi kwenda kupimana nguvu na kosa lenye jina lake.

Hapa nimjibu mhariri. Mwafrika nilimtafuta, na nikampata mkubwa. Mohamed Atalla alizaliwa Port Said, Misri, mwaka 1924. Katika maabara za Bell huko Marekani alionyesha jinsi ya kuutuliza uso wa silikoni kwa kuufunika utando mwembamba wa oksaidi, yaani alifunga pingu wale wezi wa juu kama haidrojeni inavyowafunga wa ndani. Yeye na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, wakatengeneza transista ya namna mpya ambayo leo imo kwa mabilioni ndani ya kila simu. Anastahili makala yake, na mwaka ujao nitaiandika nikijaliwa. Hapa nyumbani, kwenye idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, maprofesa kama Bernard Aduda na Julius Mwabora wamefanya utafiti wa miaka mingi juu ya tando za taitaniamu dioksaidi za seli za jua zinazotumia rangi badala ya silikoni. Na hapa kaunti yetu ya Nakuru, kule Naivasha, kiwanda cha kuunganisha paneli kilifunguliwa mwaka 2011. Zile ni za fuwele, siyo za utando, na seli zenyewe huja kutoka ng'ambo, lakini paneli zinaundwa na mikono ya watu wetu.

Ni kweli pia kwamba paneli ya kahawia imeshindwa sokoni. Fuwele zilishuka bei mno kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, na leo ukienda dukani Molo utauziwa ya fuwele. Lakini silikoni ya amofasi haikufa. Utando wake mwembamba hupakwa juu ya fuwele katika baadhi ya paneli bora ili kuwatuliza wale wezi wa juu. Na mwaka 1979 LeComber na Spear walionyesha kwamba inafaa kutengenezea transista juu ya kioo, na transista hizo ndizo zinazowasha na kuzima vitone vya picha katika televisheni nyingi bapa. Kumbe basi ile iliyoshindwa kuiwezesha televisheni ya babu kufika mwisho wa kipindi, sasa imo ndani ya televisheni yenyewe!

Umeme wa nguzo ulifika kwetu mwaka 2017. Paneli ikahamishiwa juu ya banda la kuku. Muhula uliopita niliomba ruhusa nikaileta shuleni kwa matatu, nikalipia kiti chake, na mwalimu wa Fizikia akatusaidia kuipima uwanjani saa sita mchana, anga ikiwa wazi. Kingo zimeanza kuoza na kufanya michirizi meupe. Volti zilikuwa 18 bila mzigo. Tulipobadilisha mizigo mmoja baada ya mwingine, nguvu ya juu kabisa tuliyopata ilikuwa kama wati 6. Karibu miaka thelathini, wati 6. Mwenzangu mmoja akauliza kama tunaweza kuitia kwenye jiko la mikate la shule ili ipone, maana si Wronski alisema nyuzi 150? Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alisema plastiki na nyaya vingeyeyuka kabla silikoni haijajua kuna moto, na mpishi angetufukuza wote na mwiko.

Wikendi ya mapumziko nilimpelekea babu karatasi yangu ya hesabu. Nikamweleza habari za mikono minne, za haidrojeni, za mwaka 1977. Alisikiliza ameinama, ncha ya bakora ikichora ardhini. Nilipomaliza aliniuliza, "Wajina, unasema huyo mzungu aliandika mwaka wa sabini na saba?"

"Ndiyo, guka."

"Na mimi nilinunua tisini na sita."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo barua yake ilikuwa inapitia wapi miaka hiyo yote?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hilo ndilo swali kubwa kuliko yote katika makala hii. Wronski alisema kweli, akaisema mapema, akaisema hadharani. Kweli ile ilisafiri kutoka Princeton hadi Japani na Ulaya, ikaingia viwandani na maktabani. Kioo kilifika Molo, kweli ikaachwa njiani. Fundi hakuambiwa na aliyemuuzia, babu hakuambiwa na fundi, na watu wawili waliotahiriwa mwaka mmoja wakanyimana salamu kwa ajili ya dakika 44.

Fundi yuko Njoro siku hizi, anatengeneza simu. Nambari yake niliipata kwa mjukuu wake, nikaiandika kwa tarakimu kubwa nyuma ya kalenda iliyo ukutani kwa babu. Kufikia siku ninapoipeleka makala hii kwa mhariri, bado hajapiga. Anasema anangoja viazi vichimbwe, kwa sababu huwezi kumwendea mtu mikono mitupu baada ya muda mrefu hivyo.